Harufu Niliyoificha kwa Moshi

Kitendawili, wajukuu zangu.

Najua hapo mlipo mmeshaitikia "Tega." Haya: Amelishika gurudumu, wala hana mkono. Akiliachilia, mtu anazikwa.

Msiniambie nati. Nati zilikuwepo zote sita, zimeng'ang'ania gurudumu mpaka mwisho. Mmeshindwa? Nipeni mji. Nipeni Garissa yote na daraja lake, kwa maana nyumba yangu siku hizi hainitoshi kwa aibu.

Jibu ni ringi. Ringi ndogo ya chuma, pana kama bangili ya mtoto. Mimi mwenyewe sikuijua mpaka iliponiulia mwenzangu.

Kama leo ndiyo unanisoma mara ya kwanza, usipotee. Naitwa Sharifo, bibi wa wajukuu tisa, nimesoma mpaka darasa la saba, nauza maziwa ya ngamia. Mimi na mwenzangu Raho tulikuwa na pikapu moja kuukuu ya kuleta maziwa mjini. Ijumaa ile, ikirudi na mzigo, karibu na Modika gurudumu la nyuma kulia lilichomoka likaenda zake porini, pikapu ikalala. Raho alikuwa nyuma, amekaa juu ya mitungi. Tumemzika. Dereva wetu, Dubow, mguu wake umevunjika mahali pawili, na polisi wanasema kwamba alikuwa anakimbiza gari.

Wiki jana niliandika humu kwamba nilimlilia Raho. Ni kweli. Lakini nilikuwa ninalia na kitu kingine, na hicho sikukisema.

Nilijua gari ni bovu.

Nilijua mwezi mzima.

Ninyi mnaokunywa maziwa kwa vikombe hamjui kazi ya pua. Sisi kabla ya kumimina tunaufukiza mtungi kwa moshi wa kijinga cha mti, halafu unatia pua kwenye mdomo wa mtungi, unavuta. Pua hii imenilisha miaka thelathini.

Basi mwezi ule ikaja harufu mpya. Moshi sio, maziwa yaliyochacha sio. Ilikuwa kama yai viza limekaangwa na kitunguu kilichooza. Nikaifuata kama mbwa, ikanifikisha kwenye gurudumu la nyuma. Ndani ya rimu kumelowa mafuta meusi, mazito, na vumbi limeganda juu yake kama uji wa jana.

Dubow akachutama kando yangu. "Ayeeyo," akaniambia, maana ananiita bibi tangu ana meno ya maziwa, "hiyo ni oili ya difu, ya gia za nyuma. Haifai kutoka huku. Mwambie Duale aangalie."

Mwambie Duale! Rahisi hivyo?

Duale ndiye fundi wetu. Ndiye aliyebadilisha beringi ya gurudumu hilo hilo. Na Duale ni mume wa binti yangu Nurto. Kwetu mkwe hasemwi. Akiingia kwangu mimi najifunika, yeye anaangalia mkeka. Miaka kumi na moja hatujala sahani moja. Mama mkwe amwambie mume wa bintiye "kazi yako inanuka"? Afadhali nimeze kaa la moto.

Nikamtuma Nurto. Jibu likarudi: "Mwambie mama aangalie maziwa, gari aniachie mimi."

Nikanyamaza. Heshima.

Wiki ya pili Asli wa hoteli akanirudishia mtungi. "Sharifo, maziwa yako leo yananuka gereji."

Nikacheka, Mungu anisamehe. "Ni mti mpya wa kufukizia, dada. Utauzoea."

Nikarudi nyumbani nikafukiza mitungi mara mbili. Mara tatu. Na lile turubai la nyuma ya gari nikalifukiza. Nilikuwa nafunika uvundo kwa moshi, halafu nawauzia watu wakanywe na watoto wao.

Dubow alisema mara ya pili. Akasema mara ya tatu, na hiyo ya tatu ndiyo Ijumaa yenyewe. Nilikuwa nyumbani kwa Nurto, Dubow akanipigia simu.

"Ayeeyo, leo siendi. Breki inavuta upande, na gurudumu linagonga nikikata kona."

"Watu wa harusi wanangoja maziwa, Dubow."

"Na harufu imezidi."

"Harufu haiui mtu," nikamwambia. "Endesha."

Nilisema hivyo kwa mdomo huu ninaosali nao.

*

Jumatatu nilikwenda kumtazama hospitalini. Mguu umetundikwa, vyuma vimetoka nje ya ngozi kama misumari kwenye ubao.

"Walikuja polisi," akasema. "Wanataka niseme nilikuwa mwendo wa kasi."

"Ulikuwa?"

"Na mitungi imejaa, na Raho juu yake? Nilikuwa arobaini, Ayeeyo. Nilikanyaga breki ikaenda mpaka chini, kama nimekanyaga hewa. Nikatazama kioo, nikaona gurudumu letu linatupita."

Akafumba macho. Mkewe Fosia alikuwa anamfuta jasho. "Wazee wa pande mbili, kwetu na kwa marehemu, wanakaa Alhamisi," akaniambia. "Wakisema kosa ni la Dubow, polisi wataandika hivyo hivyo. Atashtakiwa kwa kuua. Hata akitoka, nani atampa gari tena? Kazi nyingine haijui."

Hakuniuliza kitu. Afadhali angeniuliza.

Jumanne nikaenda kwa Wako. Huyu ni fundi mzee, Mborana wa Wajir, ana gereji yake karibu na soko la mifugo. Nilitaka mtu asiye ndugu yangu aniambie ukweli.

"Karibu, Akko," akasema. Kwao bibi ni Akko. "Bikabu yenu imelala, nimesikia."

"Pikapu."

"Oho! Wasomali wote wanasema bikabu, wewe peke yako umesoma?"

Nilicheka kidogo, mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha nikamwambia yote: beringi, mafuta, harufu.

Akaniomba bangili yangu, akachukua fimbo.

"Hii fimbo ni hafushafti. Ni chuma kirefu ndani ya ekseli ya nyuma. Mwisho mmoja umeingia kwenye difu, mwisho mwingine umefungwa gurudumu. Niambie, nini kinaizuia isichomoke?"

"Nati."

"Nati inashika gurudumu kwenye fimbo. Fimbo yenyewe, nani ameishika kwenye gari?"

"Nakupa mji," nikasema, mimi mwalimu wa vitendawili.

Akaivalisha fimbo bangili. "Huyu. Beringi inavalishwa, imefungwa kwenye gari kwa bati na bolti nne. Halafu ringi inasukumwa nyuma yake kwa mashine ya presi, kwa nguvu nyingi, mpaka inang'ang'ania chuma. Ringi inazuia fimbo isiponyoke kwenye beringi. Basi. Hakuna mwingine."

"Ringi moja tu?"

"Moja, Akko. Kwa gari kama lenu ni hiyo tu. Ukitaka kubadilisha beringi, ile ya zamani unaikata na patasi. Ikikatwa imekufa, unaweka mpya. Fundi mvivu anaokota ya gari lingine. Inamlegea. Anaichomelea nukta mbili tatu ikae."

"Si kuchomelea kunashika zaidi?"

Aliniangalia kwa huruma. "Unaweza kumshona mtu tumbo kwa waya wa boma? Moto unaharibu chuma cha hafushafti. Unaunguza sili, ule mpira unaozuia oili, nayo inavuja. Hiyo ndiyo harufu yako. Oili ikiingia kwenye breki, gari linavuta upande. Siku ile weldi inapasuka, hafushafti inatoka kidogo kidogo, mpaka inaondoka na gurudumu lake na ngoma ya breki. Mafuta ya breki yanamwagika. Dereva hana kitu mguuni."

"Na kujua mapema?"

"Mtoto anajua. Piga jeki, shika gurudumu, livute nje, lisukume ndani. Likicheza hivyo, usiende nalo hata msikitini."

Nikamwuliza kama angekuja kuwaambia wazee hayo.

"Nitakuja. Lakini niletee hafushafti, Akko. Nikiiona nitajua. Bila chuma, mimi ni Mborana anayetukana fundi Msomali, na watanifukuza na viatu vyao."

*

Hafushafti ilikuwa wapi? Siku ile gurudumu lilipotelea kichakani, polisi hawakulifuata. Wachunga mbuzi walilipata, wakaona jina la gereji kwenye ubavu wa pikapu, wakalipeleka huko kwa wema wao.

Walilipeleka kwa Duale.

Nikajifunika shungi nikaenda mwenyewe kwenye gereji yake pale mtaa wa Iftin. Wanaume waliokuwa wanakunywa chai nje walisimamisha vikombe. Mama mkwe haendi huko. Wacha waone.

Cheche zilikuwa zinaruka. Duale amepiga magoti, grenda ya kusagia chuma mkononi, hafushafti ameibana kwenye kibanio cha vaisi. Ilikuwa na vidonda vya weldi vitatu mahali pa ringi, na kando yake chuma kimekuwa cha buluu kwa moto. Viwili alikuwa ameshavisaga. Cha tatu ndicho alikuwa juu yake.

"Duale!"

Akashtuka, akageuza uso ukutani. "Mama! Umekuja huku?"

"Unafanya nini?"

"Nasafisha."

"Tulimwosha Raho Ijumaa, wewe leo unakiosha kilichomuua?"

Akazima grenda. "Mama, rudi nyumbani. Hii si heshima."

"Usinitajie heshima! Heshima ndiyo imemzika Raho. Ringi iko wapi?"

"Ilipotea."

"Ilikuwa mpya?"

Akachukua kitambaa akafuta grenda.

"Duale, ilikuwa mpya?"

"Mpya hazikuwa Garissa. Ilikuwa nisubiri ije kutoka Nairobi siku nne. Na ninyi mlikuwa mnapiga kelele, maziwa, maziwa, maziwa! Nikaweka kuukuu ya gari moja la Elwak. Nimefanya hivyo kwa magari mengi, hakuna aliyekufa."

Magari mengi. Alisema hivyo kama mtu anayesema ameoga.

"Na nilipomtuma Nurto kukuambia harufu?"

Hapo akageuka. Hakuniangalia usoni, aliangalia kidevu changu, lakini sauti yake ilibadilika.

"Mama, usininyooshee kidole peke yangu. Ijumaa ile nilikuwa nyumbani, chumba cha ndani. Nilikusikia kwenye simu. 'Harufu haiui mtu.' Si maneno yako?"

"Ulikuwa ndani? Ulisikia Dubow anakataa kwenda, unajua ulichokichomelea, na hukutoka kusema?"

"Ningetokaje? Ulikuwa umekaa sebuleni bila shungi."

Lisome tena neno hilo, mjukuu wangu, kama mimi nilivyolazimika kulisikia mara mbili.

Raho alikufa kwa sababu mimi niliona haya kumsema mkwe, na mkwe aliona haya kupita mbele ya nywele zangu. Nywele zenyewe nyeupe, chache, zimepakwa hina.

Nilitoka nikatapika nyuma ya gereji. Mimi niliyekamua ngamia mwenye jipu lililopasuka na bado nikala chakula cha mchana! Nilitapika mpaka ikatoka nyongo, na nyuma yangu nikasikia grenda inawashwa tena.

Nikarudi mbio kwa Wako. Tulipofika naye, kile kidonda cha tatu kilikuwa kimekwisha, na ile buluu pia. Chuma kinang'aa kama kijiko cha harusi.

"Sasa hapa mimi sina la kuapia," Wako akasema. Akatema mate mlangoni mwa Duale, akaondoka.

*

Nurto alikuja Jumatano asubuhi. Hakukaa.

"Hooyo," akasema, neno letu la mama, "unataka kusema nini kesho?"

"Ukweli, mwanangu."

"Watamfunga Duale. Nina watoto wanne."

"Dubow hana watoto?"

"Dubow si mkwe wako!"

"Ndiyo maana aliweza kuniambia gari ni bovu."

Alilia, nami nikalia. Nilimshika kichwa kama zamani nilipokuwa namsuka. Akaniambia polepole, "Ukisema, usinihesabu tena mwanao." Akajitoa mikononi mwangu akaenda.

Alhamisi baada ya alasiri tukakaa kwenye ua wa duka la jumla la Mzee Alio, mwenyekiti wa kikao, chini ya turubai, viti vya plastiki. Wanaume mbele, sisi wanawake kando. Warsame, kaka yake Raho, alikaa amekunja mikono. Dubow aliletwa na tuktuk, wakambeba na kiti.

Duale alizungumza vizuri, tena kwa utulivu. Akafunua gunia. "Wazee, hiki hapa chuma. Kiangalieni. Kuna kosa? Kazi yangu ilikuwa safi. Gari lililojaa likikimbizwa kwenye barabara mbovu, hata chuma kipya kinachomoka."

Wazee wakakipitisha mkono kwa mkono. Wakakisifu! Mmoja akasema, "Mashallah, chuma kizuri."

Mzee Alio akamgeukia Dubow. "Kijana, ulijua gari lina ubovu?"

Dubow akatazama upande wa wanawake. Akaniona.

"Sikujua."

"Hukumwambia mtu yeyote kwamba lina kasoro yoyote?"

"Sikumwambia mtu."

Fosia akashika mdomo. Mimi nikaelewa. Alikuwa ananifunika. Mtu aliyevunjwa na neno langu alikuwa ananisitiri mbele ya watu, na kwa kunisitiri amejifunga mwenyewe kamba, maana kama gari halikuwa na ubovu, basi muuaji ni yeye.

Nikasimama. Mwanamke mmoja akanivuta nguo. Nikamtoa mkono.

"Anadanganya," nikasema. "Aliniambia. Mara tatu. Mara ya tatu alikataa kwenda, na mimi nikamwamuru. Ringi ilichomelewa. Nimeona vidonda vya weldi kwa macho haya, na nimeona Duale anavisaga. Gari lilikuwa linavuja oili mwezi mzima na nilinusa kila siku. Nilimtuma Nurto amwambie mumewe, na Ijumaa nilimwamuru Dubow nikiwa nyumbani kwake Nurto."

Mzee aliyeshika chuma akakirudisha kwenye gunia.

Mzee Alio akasema, "Mama Sharifo, unajua maneno hayo yanakuangukia na wewe?"

"Yaniangukie."

Warsame akainuka polepole. "Ulimwosha dada yangu."

"Nilimwosha."

"Ukijua?"

"Nikijua."

"Kwa mikono hiyo?"

"Kwa mikono hii."

Hakunitukana. Aliiangalia mikono yangu namna mtu anavyoangalia kitu alichokikuta ndani ya chakula, akakaa.

"Duale," Mzee Alio akasema, "umesikia."

Duale akatazama chini. Nilidhani sasa atasema. Wallahi nilidhani. Lakini sauti ikatoka nyuma yangu.

"Mama yangu ni mzee, wazee wangu."

Nurto amesimama.

"Pua yake ilikufa tangu alipougua korona, hanusi hata ubani. Hajawahi kunituma neno lolote kwa Duale. Na Ijumaa hiyo hakuwa kwangu. Raho alikuwa kama dada yake, uchungu umemchanganya akili. Msimshike kwa maneno yake."

Alizungumza kwa upole kabisa, kama anayemfunika mgonjwa blanketi. Wazee wakaanza kutikisa vichwa, wakinionea huruma. Mmoja akasema niletewe maji.

"Nurto," nikasema, "niangalie."

Hakuniangalia.

Mzee Alio akasugua paji la uso. "Mama anasema hivi, binti anasema vile. Chuma hakisemi. Leteni Msahafu. Ataapa mama, ataapa binti, na atakayesema uongo atajuana na Mola wake."

Nikasema haraka, "Mwacheni mtoto. Niapisheni mimi peke yangu."

"Wote wawili, au hakuna."

Sasa niambie ningefanya nini, wewe unayesoma. Nikirudisha maneno yangu, Dubow anakwenda jela na vyuma vyake mguuni. Nikishikilia, mwanangu anaweka mkono juu ya Kitabu na kuapa uongo, na mimi ndiye niliyemfikisha hapo.

Nurto akaomba birika. Akachutama pembeni ya ua, akaanza kutawadha. Hakuharakisha. Kiganja, mdomo, pua, uso, kisha mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko, mara tatu, sawasawa kama nilivyomfundisha ana miaka saba.

Mzee Alio akaniuliza, "Na wewe mama, una udhu?"

"Ninao."

"Basi mkubwa aanze."

"Hapana," Nurto akasema. Maji bado yalikuwa yanamchuruzika vidoleni. "Naanza mimi."

Akanipita bila kunigusa, akanyoosha mkono juu ya Msahafu.